Acha Nafasi ya Mteremko

Magari saba yalitoka Makambako alfajiri,
kimya kama paka juu ya bati lenye umande.
Mimi, niliyevuta tela la mafuta miaka ishirini na sita
hadi mpakani Kasumulu,
nilikaa upande wa abiria,
mguu wa kushoto ukikanyaga klachi isiyokuwepo.

Tusekile mwanangu aliniona. Hakucheka.
Tulia, baba. Halina gia.
Halina gia! Basi Mlima Nyoka litaupanda na nini?

Likaupanda.
Bila kunguruma, bila kutoa moshi wala jasho,
kama maji yaliyoghairi, yakaamua kurudi juu.
Na nikaisikia barabara yangu mara ya kwanza:
mto chini ya daraja,
mbwa wa Igawilo,
mama akimwita mtoto kwa majina yote matatu.
Miaka ishirini na sita nilipita hapa kiziwi.

Baada ya Igawilo asilimia zikaanza kudondoka.
Arobaini. Thelathini na tatu. Baridi nayo ilikuwa inakula.
Daktari Nyagawa akapiga simu gari hadi gari:
zimeni hita, jamani, jifunikeni!
Tukajitanda vitenge na blanketi kama wagonjwa.
Mwalimu Kihongosi alifika Isyonje na asilimia nne,
akashuka, akaegemea nguzo ya chaja
kama mtu aliyefika kwao.

Chaja mbili, magari saba.
Paa jipya, waya mnene kama mkono wa mtoto,
na mlinzi, kijana Nzowa, mwenye koti la mtu mkubwa zaidi.
Wauza viazi walitupigia hesabu haraka kuliko mashine:
Mnakaa saa nzima? Basi mtakula.
Mmoja akauliza, hili linakunywa nini?
Umeme.
Na ukikatika?
Ukakatika.
Tukala viazi dakika kumi na tisa,
moshi wa jiko lake ukipita kati ya magari yasiyo na moshi,
hadi taa ya kijani ilipowaka na Nzowa akapiga makofi peke yake.

Zamu yetu. Nikasimama pale
nilivyozoea kusimama kwenye pampu, sikio limetegwa,
nikingoja tangi lilie.
Themanini, na Tusekile akachomoa.
Jaza, nikamwambia. Safari ndefu hujaziwa.
Mbele ni mteremko, baba.
Ukilijaza pomoni halina pa kupokelea.
Mteremko nao una chake cha kuleta. Acha nafasi.

Tukaanza kushuka kuelekea Kiwira,
ukungu umelala barabarani kama ng'ombe asiyetaka kuhama.
Hakugusa breki. Gari lilijizuia lenyewe,
na kila kona ikarudisha kidogo.
Themanini na moja.
Themanini na mbili.

Kona ya tatu baada ya mianzi nilifumba macho.

Mwaka ule wa mvua, breki zilinuka kama nywele zinazoungua.
Ambokile, utingo wangu, kijana wa Masoko,
aliruka na gogo akalitia mbele ya tairi.
Lori likasimama.
Yeye hakuinuka.
Mafuta niliyafikisha Kasumulu siku ya tatu.
Yalipimwa. Hayakupungua hata lita.

Nikafumbua macho: themanini na tatu.
Mlima huu, uliochukua bila risiti,
leo unarudisha, tena kwa utaratibu,
tena kwa watu ambao haukuwadai kitu.
Sikujua niushukuru au niutemee mate.

Tusekile alikaa pembeni ya barabara bila kuambiwa.
Sita za nyuma nazo zikasimama, taa zikikonyeza ndani ya ukungu,
hakuna aliyeuliza.
Nilishuka na kiazi kimoja kilichobaki kwenye karatasi,
bado cha moto.
Kimya kilikuwa kilekile.
Hapakuwa na injini ya kuzima.